Taa juu ya Utawala: namna ya kumhoji mtu aliyeona kitu angani usiku

Kazi yangu ni kupima ardhi. Mchana natafuta bikoni, zile alama za mipaka ya ardhi, ambazo wenye ploti wamezifukia, mara kwa bahati mbaya, mara kwa makusudi. Usiku, tangu majirani wa hapa Utawala, mtaa wa mashariki mwa Nairobi, wajue kwamba nina dira na sichoki kuuliza, naletewa taa. "Fundi, kuna kitu kimening'inia kule, hakiendi wala hakirudi." "Fundi, mtoto ameona nyota zinaandamana kama siafu." Mwingine hasemi neno, ananitumia tu video ya sekunde nane: mbwa wanabweka, mtu anasema "cheki ile, cheki ile", na katikati ya giza nukta moja nyeupe inatetemeka.

Nimejaza madaftari matatu. Haya ninayoandika ni ya yule ambaye naye ameanza kuletewa taa na hajui aanzie wapi.

Nianze na kosa langu. Mama mmoja wa Kayole aliniandikia kwamba ameona taa kubwa ya rangi ya chungwa upande wa magharibi, "saa 2:00 usiku". Nikafungua Stellarium, ile programu ya bure inayokuchorea anga ya mahali popote na saa yoyote, nikaiweka saa 2:00, nikakagua nyota za magharibi moja moja. Siku tatu. Hakuna kilichofanana na taa yake. Kumbe mama alimaanisha saa mbili usiku, ile ya watu kumaliza kula. Nilipoiweka programu 20:00, mwezi mchanga ulikuwa unatua, umelala chali kama mtumbwi vile unavyolala kwetu huku ikweta, na ukiwa chini namna hiyo hewa nzito na vumbi huugeuza rangi ya chungwa. Wingu likikata pembe moja, hutaujua ni mwezi. Nami nimehesabu saa za Kiswahili tangu utotoni!

Kwa hiyo saa iandike mara tatu: saa mbili usiku, 20:00, na 17:00 ya saa ya kimataifa, maana sisi tuko saa tatu mbele na orodha nyingi za setilaiti huandikwa kwa saa hiyo. Hapa Nairobi jihadhari zaidi, kwa sababu kijana mmoja ataandika "8 usiku" akiwa na maana ya saa mbili, na mwenzake ataandika "8 usiku" akiwa na maana ya saa nane. Usimuulize tu "saa ngapi?" Muulize kama adhana ya Isha ilikuwa imelia, kama watoto walikuwa wamelala, kama mechi ilikuwa imeanza. Saa ya mechi unaweza kuitafuta. Saa ya kukisia huwezi.

Kumhoji shahidi

Ukitaka kujua mpaka wa shamba, humuulizi mzee akiwa ameketi sebuleni na chai. Unamwambia, "Mzee, twende unitembeze." Akiwa kwenye kiti atakuambia mpaka unapita kwenye mti. Akiwa shambani atasimama, ataangalia, atasema, "La, si mti huu, ule mwingine." Shahidi wa taa ni vivyo hivyo. Mrudishe pale alipokuwa, saa ile ile ikiwezekana, na umfanye aonyeshe kuliko kueleza.

Kabla ya hapo, mwache asimulie mpaka amalize. Usimkatize, na kwa vyovyote usitaje jibu. Ukishasema "labda ilikuwa ndege", mtu wa heshima atakubaliana nawe ili asionekane mjinga, na mkaidi ataongeza mambo ili kuonyesha haikuwa ndege. Wote wawili umewaharibu. Ukicheka, ndio hutaambiwa tena kitu na ploti nzima.

Nikueleze ya mama wa ghorofa ya tatu, muuza mitumba wa Gikomba. Aliniambia alipanda juu ya paa kuanua nguo, akaona taa nyeupe kali kama ya mtu anayechomelea vyuma. Ilisimama angani nusu saa nzima bila sauti, kisha ikashuka polepole na kuzimika. Usiku ule hakulala vizuri. Kesho yake saa moja na nusu usiku tukapanda pamoja, na mwanawe.

"Mama, ulisimama wapi?"

"Hapa. La, ngoja. Beseni lilikuwa hapa, kamba ilikuwa hii... hapa."

Alisogea hatua nne. Zinaonekana si kitu, lakini aliniambia taa ilikuwa kushoto kwa tangi la maji, na kwa hatua hizo nne tangi lenyewe lilihama upana wa ngumi mbili.

"Nyoosha mkono unionyeshe."

Akanyoosha. Nikasimama nyuma yake, jicho langu likifuata bega, kiwiko, kidole, jinsi tunavyolenga bikoni. Kisha nikamwomba arudie kila kitu alichofanya tangu aione taa mpaka ilipopotea. Akasita kidogo, akaanza: shuka moja, sare mbili za shule, soksi, vibanio mdomoni, akamwita mwanawe, akainama kuchukua beseni, akainuka na kusema, "Hapo nikaangalia, haipo." Saa yangu ilisoma dakika nne na sekunde kumi.

"Kwa hivyo nilidanganya?" akaniuliza, na hakuwa anatania.

"Hapana, mama. Ulichoona umekiona. Saa ndiyo hatukuwa nayo."

Hili ndilo ningependa ulishike kuliko mengine. Mashahidi niliowahoji ni nadra mmoja wao kubuni taa. Ilikuwapo. Vinavyopotoka ni vipimo: muda, ukubwa, umbali. Kumrudisha mtu mahali pake kunamsaidia kupima upya kwa mwili wake mwenyewe, na hapo hahitaji kubishana nawe.

Ukubwa nao una hila yake. Mtu atakuambia "kubwa kama sahani". Sahani iliyo wapi? Mwambie anyooshe mkono wote mbele: je, kidole kidogo kingeifunika? Kidole hicho, mkono ukiwa umenyooka, kina upana wa karibu digrii moja. Ngumi ni kama digrii 10. Mwezi mpevu ni nusu digrii tu, yaani kidole kidogo kinaufunika wote na nafasi inabaki. Watu hawaamini mpaka wajaribu. Ngumi hizo hizo zitumie kupima kimo: kutoka upeo wa macho mpaka kwenye taa, ngumi ngapi?

Usimuulize taa ilikuwa mita ngapi juu. Akikuambia, andika, lakini usiitumie. Mtu mmoja aliyesimama mahali pamoja hawezi kujua umbali wa nukta ya mwanga ambayo hajui ukubwa wake. Sisi wapimaji tunalijua hili: kituo kimoja hukupa uelekeo, vituo viwili ndivyo vinavyokupa mahali. Kwa hiyo tafuta shahidi wa pili aliye mbali. Kutoka Utawala mpaka Rongai ni zaidi ya kilomita 20 kwa mstari mnyoofu. Chora mistari yao miwili kwenye ramani. Ikikutana juu ya Athi River, una kitu kilicho hapa hapa karibu. Ikienda sambamba bila kukutana, taa yako ni sayari au nyota, na unaweza kwenda kulala.

Na swali ambalo wengi husahau: ilipoteaje? Iliingia nyuma ya nyumba? Ilififia polepole katikati ya anga safi? Ilikatika ghafla? Jibu la hapo limenifungulia kesi nyingi kuliko maswali ya rangi na umbo.

Dira, na aibu ya mpimaji

Juu ya paa lile niliweka dira ya simu nikasoma 256. Nikaandika kwa wino. Baadaye nikaona ninasimama kati ya tangi la chuma na vyuma vya nguzo vilivyoachwa vichomoze vikisubiri ghorofa ya nne ambayo mwenye nyumba anaahidi kila mwaka. Dira ilikuwa imevutwa digrii 20. Mwanafunzi wangu angefanya hivyo ningemrudisha nyumbani.

Mjini usiiamini dira juu ya paa, karibu na mabati, gari au geti. Afadhali umuulize shahidi taa ilikuwa juu ya nini: mnara wa simu, yaani busta, pembe ya jengo, mti. Kisha fungua ramani ya picha za setilaiti, weka alama alipokuwa na kwenye kile kitu, upime uelekeo hapo. Kwa njia hiyo taa ya mama ilitoka digrii 236, kusini magharibi, kimo cha vidole vidogo viwili hivi juu ya upeo.

Bado tukiwa pale pale, ikatokea. Mama alinishika mkono: "Hiyo!" Nyeupe, kali, imesimama kabisa. Mwanawe alikuwa na Flightradar24, programu inayoonyesha ndege zilizo angani, kwenye simu. Ilikuwa ndege ya abiria, ilikuwa juu ya Rongai, inatua JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi.

Ukiishi upande huu ni lazima uelewe jambo hili. Barabara ya kurukia ya JKIA inaitwa 06 kwa wanaoingia kutoka kusini magharibi, maana yake ndege inaelekea digrii 60 hivi. Inapita juu ya Rongai, juu ya mbuga, inatua Embakasi. Sasa chora mstari huo uuendeleze mbele ya uwanja: unakuja karibu na Utawala. Ndege yenye taa za kutua zimewashwa inakuja usoni mwetu. Kitu kinachokuja usoni mwako hakisogei kushoto wala kulia; kinazidi kung'aa tu. Sauti iko nyuma sana. Kwa kilomita zile 20 za mwisho hiyo ni dakika nne au tano za taa isiyosogea, kisha inashuka nyuma ya paa la jirani na kuzimika. Usiku wenye ndege nyingi zitajipanga tatu, moja ikitua nyingine inatokea pale pale.

Mama aliitazama mpaka ikashuka. Akaniuliza swali zuri kuliko yote niliyomuuliza mimi: "Basi miaka sita niliyokaa hapa mbona sijawahi kuiona?"

Sikuwa na jibu. Nililipata kwa soja, yaani mlinzi, wa ploti ya jirani. Usiku ule stima ilipotea. Ile taa yao kubwa ya ulinzi, ambayo hupiga usoni mtu yeyote anayeangalia upande huo, ilikuwa imezima; na tulipopanda sisi, ilikuwa imeungua na hawajaibadilisha. Tangu hapo kila fomu yangu ina mstari huu: usiku huo kulikuwa na tofauti gani?

Kutafuta jina la taa

Ukishapata saa, uelekeo, kimo, muda na namna ilivyopotea, ndipo ufungue programu. Fanya mapema, kwa sababu historia ya bure ya ndege haikai sana. Na kumbuka si kila ndege huonekana humo. Helikopta za usalama zinaweza zisiwepo.

Taa iliyosimama muda mrefu magharibi jioni au mashariki alfajiri, anza na sayari ya Zuhura. Hung'aa kuliko nyota zote na haiachani na jua zaidi ya digrii 47, kwa hiyo ukiambiwa iko utosini saa sita usiku, si yenyewe, angalia sayari ya Mshtarii. Ikiwa inabadilika nyekundu, kijani, buluu kwa haraka ikiwa chini mashariki, hasa Desemba jioni, karibu kila mara ni nyota ya Sirius inayotikiswa na hewa. Mpe shahidi jaribio: asimame aiweke taa kwenye ukingo wa ukuta. Anga huzunguka digrii 15 kwa saa, yaani upana wa kidole kidogo kila dakika nne, na kwetu nyota za mashariki hupanda wima kama lifti. Ikifanya hivyo, ni nyota. Ikionekana kuyumbayumba huku na huku bila ukuta wa kuilinganisha, ni macho yake. Ukikazia nukta moja gizani, jicho lenyewe hucheza na ubongo husema taa ndiyo inayotembea.

Taa inayotembea kwa utulivu bila kupepesa, kisha ikafifia katikati ya anga, ni setilaiti iliyoingia kwenye kivuli cha dunia. Kituo cha anga cha kimataifa, ISS, ndicho king'aacho zaidi. Kiko kilomita 400 hivi juu na hupita kwa dakika zisizozidi sita au saba. Mstari wa nukta nyingi, wale siafu, ni Starlink, setilaiti za intaneti za kampuni ya SpaceX, katika siku za kwanza baada ya kurushwa. Wamekuwa wakizirusha kwa makundi tangu Mei 2019, na zikishapanda kwenye kilomita 550 hutawanyika na kufifia. Hapa kuna hesabu inayonisaidia sana. Nairobi jua huzama karibu saa kumi na mbili unusu mwaka mzima, kwa tofauti ya dakika ishirini hivi. Setilaiti ya kilomita 550 iliyo utosini hubaki kwenye jua kama saa moja na nusu tu baada ya hapo. Kwa hiyo mtu akiniambia saa sita usiku kitu kilipita utosini kikiwaka bila kupepesa, setilaiti za chini naziondoa kwenye orodha, na masikio yangu yanasimama kidogo.

Maputo yamekuwa na zama zake. Mwaka 2020 maputo ya Loon yalikuwa yakileta intaneti kutoka kilomita 20 juu, na mradi ukafungwa mwaka uliofuata. Puto la kimo hicho hubaki kwenye jua kama robo saa baada ya jua kutuzamia sisi huku chini, likiwaka peke yake. Kesi za mwaka huo zipitie upya. Miale ya kilabu ikipiga mawingu huzunguka duara lile lile usiku kucha. Taa nyekundu zisizosogea upande wa Ngong ni za milingoti.

Vipande vinavyowaka vikivuka anga kwa utaratibu, kwa makumi ya sekunde au zaidi, ni mabaki ya roketi. Kimondo huisha kabla hujamwita mwenzako. Hapa jihadhari na umbo. Tarehe 3 Machi 1968 mabaki ya urushaji wa Zond 4, chombo cha Wasovieti, yalivuka anga ya Marekani yakiungua, na baadhi ya mashahidi wakaeleza chombo kimoja kirefu chenye madirisha yaliyowaka. Vilikuwa vipande mbalimbali. Giza la katikati walilijaza wao. Kwa hiyo shahidi wako akisema "kilikuwa na bawa", muulize: uliliona bawa lenyewe, au taa tatu? Na mabaki kweli huanguka. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likaja kuichukua. Ukikuta kitu kama hicho usikiguse, piga simu polisi.

Video

Omba faili halisi. WhatsApp ikituma picha huifuta saa na mahali ilipopigwa. Mwambie aitume kama hati. Nukta iliyovutwa mpaka mwisho na simu ikishindwa kulenga hugeuka sahani inayopumua. Hiyo ni lenzi. Kukiwa na taa ya barabarani ndani ya picha, chora mstari kutoka kwayo kupitia katikati ya picha: "kitu" kikiwa upande wa pili kwa umbali ule ule, ni mng'ao wa ndani ya lenzi. Mengine ya video sina subira nayo. Mtu aliyeangalia kwa macho na kukumbuka tangi la maji ananifaa zaidi.

Ukipanda paa la watu usiku, mjulishe keateka, msimamizi wa jengo, kwanza. Nilishafungiwa juu mpaka saa tano kwa kutofanya hivyo. Usielekeze leza angani kamwe, na darubini usiitoe karibu na uwanja wa ndege au kambi. Droni usirushe bila kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga.

Kufunga faili

Jeshi la Anga la Marekani lilipofunga Blue Book, mradi wake wa kuchunguza vitu visivyojulikana angani, mwaka 1969 lilikuwa na ripoti 12,618, na 701 zilibaki bila maelezo. Mimi nina mirundo mitatu: inayojulikana, isiyotosha habari, na isiyojulikana. Wa pili ndio mrefu. Usiuhamishie kwenye wa tatu kwa sababu tu hadithi ni tamu. Wa tatu una faili moja: soja wa godauni, Industrial Area, saa saba na dakika kumi usiku, saa ameisoma kwenye kitabu chake cha zamu. Taa moja nyeupe, haipepesi, kaskazini kwenda kusini, ilipita utosini kwa sekunde 20 alizozirudia mbele yangu mara tatu bila kutofautiana zaidi ya mbili. Hakuna sauti. Ndege hakuna kwenye rekodi. Ninahitaji mtu wa pili, aliyekuwa macho saa hiyo Syokimau, South B, au hata Kitengela, anayeweza kusimama tena pale pale na kunyoosha mkono.